Nilikwenda kununua friji la mtumba Muscat, nikarudi na tambara lililofungiwa friji

Mtoto wa Konde

Wakuu, salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu.

Nipo Muscat mwaka wa nne. Tunaishi vijana watatu, na mwezi uliopita friji letu lilikata roho katikati ya joto mnalolijua. Tukachanga, nikatumwa mimi kwa wauza samani za mtumba. Nikalipata moja la milango miwili, limefungwa kamba, na kati ya kamba na bati wameweka tambara zito ili lisikwaruzike kwenye pikapu. Nikamwomba kijana wa pale alifungue nione mpira wa mlango. Tambara likaanguka kifudifudi, vumbi likatimka, na friji sikuliangalia tena.

Mama yangu, huko Pemba, ni msuka mikeka. Nyumbani tumelelewa kwamba kazi ya mkono haitazamwi usoni, unaigeuza ukaona mgongo wake. Hili lilikuwa limejigeuza lenyewe. Mgongoni nakshi yote ilikuwepo, mstari kwa mstari, rangi kwa rangi, na vijifundo vimejipanga kama punje za mtama kwenye suke. Nikachutama. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mwenye duka aliniona.

Kabla sijachutama tambara lile halikuwa na bei. Nilipoinuka lilikuwa antiki ya miaka mia mbili, riyali 40. Nikamwambia mimi nimefuata friji. Akasema friji lipo, chukua vyote. Nikaenda kunywa chai ya karaki, nikarudi, nikaondoka tena, nikarudi tena, tukamalizana kwa 18. Maneno niliyoambiwa na wenzangu nilipofika nyumbani na mfuko wa nailoni badala ya friji siyaandiki hapa, uzi utafungwa.

Sasa lenyewe. Urefu sentimita 137 ukihesabu na miisho, upana 84 pale katikati. Uwanja wake ni rangi ya ngamia, na ndani yake umesimama mti wenye matawi yaliyonyooka na majani ya pembe kali, hakuna kinachopinda. Juu ya mti kuna mihrabu, lakini haina tao kama za misikiti ya kwetu, ni ya mraba kama mlango wa kabati. Pembeni ni damu ya mzee, pamoja na buluu iliyoiva hadi ikakaribia weusi. Nyeupe ipo kidogo sana, nukta moja huku, nukta moja kule, kama mtu anayepima chumvi kwa ncha ya kidole. Juu na chini kuna kipande cha kiasi cha vidole vinne kilichofumwa bapa, bila manyoya, chenye mistari, ndipo yanafuata matamvua.

Ni msala, hilo naliona. Lakini msala wa nani, na wa wapi? Picha hizo hapo. Wajuzi karibuni.

Fundi Saa

Hongera mkuu, ila usije ukalia. Mazulia ya mashine siku hizi yanatoka kiwandani na uchakavu wake kabisa. Kariakoo utaambiwa hili la Kiajemi, ukifika nyumbani unakuta gundi mgongoni. Umejuaje kama ni kazi ya mkono?

Mtoto wa Konde

Nilianza na matamvua. Ya mashine mara nyingi yameshonewa baadaye, unauona mshono. Ya hili ndiyo mtande wenyewe: nyuzi zinazopita mwili mzima wa zulia zikatokeza mwisho. Ukiyakata umekata uti wa mgongo.

Kisha nikalikunja usoni ili manyoya yafunguke, kama unavyopasua nywele za mtoto kutafuta chawa. Chini kabisa kila unyoya umefungwa fundo kwenye jozi ya nyuzi za mtande. Safu moja ya mafundo ikiisha, mshindio, yaani uzi wa kukata upande kwa upande, unapitishwa kukaza, ndipo safu nyingine inaanza. Zulia la mashine unyoya umepachikwa tu, fundo halipo.

Halafu lenyewe si nyoofu. Chini upana ni 86, juu 82. Mashine ikikosea hivyo fundi anaitwa.

Nikachukua rula nikahesabu karibu na ukingo wa chini. Katika sentimita kumi kuna mafundo 30 ukienda upana na 36 ukipanda juu, yaani 1,080 katika kimraba cha kumi kwa kumi. Sehemu yenye manyoya ni 84 kwa 120. Jumla inafika mafundo laki moja na elfu nane. Tuseme mfumaji anafunga 4,000 kwa siku: hizo ni siku 27 za kufunga tu, bado hujamnyoa kondoo, hujasokota uzi, hujauchovya rangi. Na hapo umejalia kwamba mtoto halii wala mbuzi hapotei.

Pweza wa Ngomeni

Hapo kwenye chawa umenimaliza. Natandika mkeka wangu hapa, nasubiri wajuzi.

Bint Makadara

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni Mbulushi wa Makadara, na nilifanya kazi miaka minane kwenye duka la mazulia Dubai. Kazi yangu ilikuwa kukunjua, kukunja na kunyamaza wenye duka wakisema uongo. Leo sinyamazi.

Hilo ni zulia la Kibulushi, kaka, na nimefurahi nalo kama wewe. Mti juu ya rangi ya ngamia, mihrabu ya mraba, giza lile la buluu na nyekundu, hiyo miisho mirefu ya bapa: wote hao ni ndugu wa tumbo moja. Shika kingo za pembeni. Kama zimezungushiwa uzi mweusi, mnene, mgumu kama kamba ya katani, hizo ni nywele za mbuzi, na ushahidi unazidi.

Lakini usidhani limetoka kwa Wabulushi wa hapo Muscat. Mazulia haya kwao ni Khorasan, kaskazini mashariki ya Iran, pande za Torbat-e Heydarieh na Torbat-e Jam, na ng'ambo ya mpaka huko Herat na Farah, Afghanistan. Yalikuwa yakiuzwa Mashhad na Herat, ndipo yanasambaa. Sisi wa Mombasa, na wengi wa Oman, asili yetu ni Makran, pwani ya Iran na Pakistan. Wazee wetu walikuja kama askari wa masultani wa Oman. Gwadar yenyewe ilikuwa mali ya Oman mpaka 1958 ilipouzwa kwa Pakistan. Bibi zetu walikuwa watu wa sindano: magauni yaliyodariziwa kifua kizima, na ule mfuko mrefu wa mbele unaoshuka mpaka chini. Zulia la manyoya bibi yangu hakuwahi kulifuma, alilikalia tu. Kwa hiyo mtu akikwambia hili kafuma nyanya yake Makran, mpe chai, pesa usimpe.

Nifanyie kazi mbili. Ya kwanza, chomoa kiuzi kimoja cha tamvua kilichokwisha katika, kichome. Ya pili, naona jani la machungwa upande wa kulia. Pasua manyoya hapo utazame shina na ncha, kisha chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, ukandamize. Fanya hivyo pia kwenye nyekundu na buluu. Nakungoja.

Ustadh wa Mtaa

Nami nauliza la kwangu. Limefungia friji, limelala barabarani, limekanyagwa na nani hatujui. Utaswalia?

Mtoto wa Konde

Ustadh, nimelikung'uta siku mbili juu ya paa, nikalisuuza kwa maji baridi na sabuni kidogo ya maji, nikalikausha kivulini likiwa limelala. Maji ya kwanza yalitoka kama ya kuoshea ngano. Limetoharika, na nimeshaswalia Ijumaa mbili. Magoti yanalishukuru.

Bint Makadara, kazi nimefanya. Kiuzi kimenuka nywele zilizoungua, kikajikunja, kikaacha majivu yanayosagika. Sasa machungwa. Shina na ncha zote zinawaka sawasawa. Kitambaa juu ya nyekundu kimetoka cheupe, juu ya buluu cheupe. Juu ya machungwa kimetoka na kivuli cha rangi. Hafifu, lakini kipo. Kingo ni za nywele za mbuzi kweli, zinachoma kama ulivyosema.

Bint Makadara

Basi mtande wako ni sufu. Pamba ingeungua kama karatasi. Hiyo ni heri, kwa sababu mtande wa sufu ndio wa desturi ya kale, pamba imeingia baadaye.

Machungwa ni ya dukani. Rangi za kiwandani zilianza 1856, William Henry Perkin wa London alipopata zambarau akiwa anatafuta dawa ya malaria, na kabla ya karne ile kwisha zilikuwa zimefika mpaka kwa wafumaji wa Iran. Kwa hiyo miaka mia mbili isahau. Mimi kwa macho na kwa hizo dalili ningeliweka nusu ya kwanza ya karne ya 20, labda likaburuza kidogo kuelekea 1960. Mwaka kamili sikupi. Anayekupa mwaka kamili kwa kutazama picha ana kitu anakuuzia.

Fundi Saa

Nilisema usije ukalia.

Bint Makadara

Alie kwa nini? Nyekundu yake haikuchuja hata chembe. Hiyo yaelekea ni runas, mizizi ya mmea, inakaushwa, inasagwa, uzi unachemshwa nayo pamoja na shabu. Buluu ni nili. Mwanamke huyu alikuwa na rangi zake zote za kuiva mwenyewe, akaenda sokoni akaona machungwa inawaka kwenye karatasi, akaipenda, akanunua kidogo, na akaitia kwenye majani machache tu kwa sababu ilikuwa ya pesa. Pale dukani wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakiona machungwa ile wanakunja uso. Mimi nilikuwa naitafuta. Ndiyo sehemu pekee ya zulia ambapo unamwona akiwa mjini.

Mbaya ni zile za mwanzo kabisa, kama zambarau ya fuksini. Usoni inakufa inakuwa kijivu cha majivu, ukipasua manyoya shinani unakuta zambarau imejificha kama siku ya kwanza. Yako haina hiyo.

Mtoto wa Konde

Nimekaa kimya dakika tano nikiyatazama yale majani. Nimeyahesabu. Ni saba. Zulia zima, mafundo laki na kitu, na machungwa katia kwenye majani saba.

Kuna jambo jingine lilinikera tangu mwanzo, nikadhani ni doa la friji. Ule uwanja wa ngamia, ukipanda kama theluthi moja kutoka chini, rangi inabadilika ghafla. Chini ni kama maziwa yaliyotiwa kahawa, juu ni kahawa iliyotiwa maziwa. Mstari umenyooka kabisa, kutoka kushoto hadi kulia.

Bint Makadara

Doa halinyooki hivyo. Watu wa mazulia wanaita abrash. Uzi wa chungu cha kwanza ulimwishia, akachovya mwingine, haukutoka sawa. Kama ni maganda ya jozi, na mara nyingi hiyo "rangi ya ngamia" ni sufu ya kondoo iliyochemshwa kwa maganda ya jozi, basi kila chungu kina tabia yake. Manyoya ya ngamia halisi yapo kwenye baadhi, lakini kila muuzaji atakuapia kuwa ni ngamia.

Na ile 86 kwa 82. Kitanda cha kufumia cha wahamaji kinalala chini, juu ya ardhi, kimevutwa kwa vigingi vinne. Wakati wa kuhama ukifika vigingi vinang'olewa, kazi inaviringishwa pamoja na miti yake, inapanda juu ya mnyama, inakwenda kuvutwa upya kwingine. Hapo mvuto haurudi ule ule. Reza Shah aliwalazimisha wahamaji wengi kutulia miaka ya 1920 na 1930, kwa hiyo sikuapii kwamba lako lilisafiri, laweza kuwa la kijijini. Lakini kitanda cha chini kijijini pia kilikuwepo.

Tazama fundo pia. Kwa Wabulushi uzi unazunguka mtande mmoja wote, wa pili unapitiwa nyuma tu. Wakurdi, majirani zao hapo hapo Khorasan, kwa kawaida wanazungusha yote miwili.

Halafu pitisha kidole juu ya mistari ya kahawia inayozunguka majani.

Mtoto wa Konde

Imebonyea! Kidole kinaingia kama kwenye mfereji. Sikuwa nimeona, kwa macho huoni kabisa.

Bint Makadara

Chuma. Kahawia iliyoiva sana mara nyingi inatiwa chuma kwenye rangi, na chuma kinaila sufu pole pole. Rangi nyingine zinabaki zimesimama. Hilo mfanyaji wa bandia anaweza kukata kwa mkasi, nimeona wakifanya, lakini mkasi hukata ncha bapa. Uchakavu wa kweli unaziacha zimesinyaa bila mpangilio.

Mzee wa Bububu

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa, roho inaniuma. Marehemu baba aliniachia zulia la Bukhara jekundu, alilileta kutoka Bahrain. Nikalipeleka kwa dobi mmoja mjini, akalitia mashineni na maji moto. Lilirudi limejikunja kama kaimati, nyekundu imehamia kwenye nyeupe yote. Dobi akanidai na hela yake. Vijana, maji baridi, na mikono.

Pweza wa Ngomeni

Pole sana mzee. Na nondo je? Mimi nina kizulia cha sufu kabatini, kila mwaka tundu jipya.

Bint Makadara

Kabatini ndiko nondo anakotaka. Kiume chake hakili kitu, jike pia halili, ni mtoto wao anayekula, na anapenda giza na utulivu. Litandike, likanyage, ligeuze kila miezi michache, lianike juani kidogo na kulipiga mgongoni. Ukishaona vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele, lifunge kwenye nailoni lisipitishe hewa, lilaze kwenye friza siku kadhaa, litoe lipate joto la chumba, kisha lirudishe tena.

Fundi Saa

Friza. Mwenzetu hata friji hana.

Kichuguu

Hahaha. Mimi nilipokuwa Sharjah niliona zulia dogo la Afghanistan, rangi hizi hizi za giza, lakini badala ya majani lina vifaru, helikopta na bunduki za Kalashnikov, zimepangwa kama maua. Nikadhani ni mzaha wa watalii.

Bint Makadara

Mengine siku hizi ni ya watalii. Lakini yalianza baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan mwisho wa 1979, na wafumaji wa Kibulushi walikuwa miongoni mwa waliofuma hivyo. Ukiyatazama ya mwanzo, helikopta imekaa palepale lilipokuwa likikaa ua, ukubwa uleule. Aliyezoea kufuma anachokiona alifuma alichokiona. Nililikunjua moja la aina hiyo kila asubuhi kwa mwaka mzima, na sikulizoea.

Mtoto wa Konde

Wakuu, nimerudi na jipya.

Jana usiku nilimpigia mama kwa video. Nilitaka kumwonyesha ule mti, jinsi majani yalivyopangwa. Hakutaka mti. Alisema "geuza." Nikageuza. "Sogeza simu. Pandisha. Pandisha. Rudi. Hapo. Hapo mkono umebadilika."

Nikamweleza mambo ya abrash, kwamba uzi uliisha wakachovya mwingine. Akanikata: "Rangi naiona, mimi si kipofu. Nasema mkono. Wa chini anavuta, wa juu analegeza. Wa chini mtu mzima. Wa juu bado anafundishwa."

Wakuu, pale alipoonyesha mama ni vidole vinne juu ya mstari wa rangi, wala si penyewe. Nikaenda na rula. Chini, 36 kwa sentimita kumi, kama nilivyohesabu siku ile. Juu ya pale alipopaonyesha, 32. Nikarudia mahali patatu. 32, 31, 32. Kwa hiyo ile hesabu yangu ya laki na elfu nane ifuteni. Na mengi ya yale majani saba ya machungwa, matano, yapo juu, kwa huyo anayefundishwa.

Bint Makadara

Subhanallah. Miaka minane dukani, sijawahi kuwaza kutazama hivyo. Mama na binti kufuma kazi moja ni jambo la kawaida kwao, lakini kuliona kwa simu, kutoka Pemba!

Ustadh wa Mtaa

Basi machungwa alinunuliwa mtoto.

Mtoto wa Konde

Nami nimefikiri hivyo hivyo Ustadh, siwezi kuthibitisha.

Mama akaniuliza bei. Nikamwambia riyali 18, nikamgeuzia kwa shilingi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza maziwa tunaweka wapi.